Sikukwama Mzenga

Kibaha,
Jumanne asubuhi.

Kwa dada yangu mpendwa Marta,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mwili una nafuu, ingawa juu ya moyo sithubutu kuuliza. Je, miguu bado inavimba ukikaa muda mrefu mkekani? Zile dawa za presha unazimeza baada ya kula, kama tulivyoelekezwa? Mimi kwa afya sijambo, namshukuru Mungu. Kikohozi kimepungua, na wajukuu wamerudi shuleni.

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Tumezungumza kila jioni tangu tulipomzika Shemeji Daudi, na kila jioni nimelianza jambo hili kooni nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko Chole. Nakuomba uvae miwani yako uisome barua hii mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Dada, siku ile mumeo alipokata roho akinisubiri, mimi sikukwama Mzenga. Sikuwa nimefika Mzenga. Sikuwa nimetoka hata uani kwangu.

Utakumbuka ulinipigia Ijumaa ukaniambia kifua kimembana Shemeji, na mganga wa zahanati ameshauri aletwe hospitali ya huku Kibaha alikokuwa akitibiwa. Kabla hujamaliza kusema, nilikujibu msihangaike na gari la mtu, kwamba nitawafuata mwenyewe Jumamosi asubuhi. Nakiri kwamba nilifurahi kuombwa. Tangu Naomi wangu afariki, ni nadra mtu kuhitaji kitu ambacho mimi tu naweza kukitoa.

Jumamosi kulipopambazuka nikalitazama gari. Unalijua lilivyo zito, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na unaijua njia ya kutoka Mlandizi kwenda kwenu wakati wa masika. Oili za gia boksi na za difu zote mbili zinazozungusha magurudumu, ya mbele na ya nyuma, zilipaswa kubadilishwa siku nyingi, nami nilikuwa nimezembea. Oili mpya ilikuwa stoo. Nilihofu gari lisije likatufia porini na mgonjwa ndani. Nikajiambia kwamba saa moja itatosha.

Zamani kazi ile tuliifanya wawili. Mimi nililala juu ya gunia chini ya gari, na Naomi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na daftari alilonakilia hatua zote kwa mwandiko wake wa shule ya misheni. Alinisomea kama mwalimu wa kipaimara.

“Hatua ya kwanza. Legeza nati ya juu, ya kujazia. Umelegeza?”

“Nimelegeza.”

“Usinijibu kwa mazoea, Baba Upendo. Imezunguka?”

“Imezunguka, mwalimu.”

Hapo tu ndipo aliponiruhusu kuigusa nati ya chini, ya kumwagia. Maana ukimwaga oili ya zamani kwanza, kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, unabaki na gari kavu usiloweza kulijaza. Daftari lile limo kabatini mwake. Asubuhi ile sikulichukua, kwa kuwa bado siwezi kuutazama mwandiko wake. Nilidhani nakumbuka.

Gia boksi ilikwenda vizuri, na difu ya mbele pia. Kwenye difu ya nyuma nilifungua nati ya chini, ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Nikafurahi kwamba nimeligundua mapema. Nikaiacha ikamwagika yote hadi tone la mwisho. Ndipo nikaweka spana kwenye nati ya juu, nayo haikusogea. Nikaongeza bomba la chuma kwenye mkono wa spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Spana ikateleza. Kona za nati zilikuwa zimelika, imekuwa duara kama kitufe.

Ilikuwa saa mbili ulipopiga.

“Umefika wapi, Zakaria?”

Nilikuwa chali, oili imenichuruzika hadi kwenye kwapa. Nikakujibu, “Niko njiani, dada. Nimeshaipita Mlandizi.”

Ukasema, “Ashukuriwe Mungu. Bwana Kondo yuko hapa na pikapu yake, anasema atashusha mihogo atupakie sisi. Basi ngoja nimwambie aende zake sokoni.”

Dada, hapo palikuwa na nafasi. Nilisikia injini ya Kondo ikinguruma nyuma ya sauti yako. Ningesema neno moja tu, mngempandisha mumeo kwenye pikapu ile. Nikasema, “Mwambie aende, nakaribia.” Sisi sote husema tuko njiani wakati tunatafuta viatu, na anayesubiri hujua kuyapunguza maneno hayo. Lakini wewe hukuyapunguza ya kwangu, kwa sababu hukuzoea kunihesabu miongoni mwa watu wa aina hiyo.

Jirani yangu Mihambo, Mnyamwezi, mtani wetu, alichungulia juu ya ukuta.

“Mzaramo! Unalitengeneza gari au unalichinja?”

“Njoo unisaidie, mtani. Nina mgonjwa Chole.”

“Chole? Nyinyi hata ngoma ya jirani mnafika imekwisha. Hebu sogea.” Akaingia chini, akaitazama nati, na utani ukamtoka mdomoni. “Hii hadi ichomelewe nati nyingine juu yake ndipo izunguke. Na ukiondoka nalo kavu, difu itasagika kabla ya Mlandizi. Huko kwenu wanajua?”

“Wanajua,” nikasema.

Akaondoka na baiskeli kumtafuta fundi wa kuchomelea. Ningeweza kukodi gari. Nimelifikiria hilo kila siku tangu wakati ule. Lakini kila nusu saa niliona nusu saa inayofuata itatosha, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo uongo wa kwanza ulivyohitaji wa pili ili usimame. Saa nne ulipopiga tena, nikakuambia kuna tope Mzenga, nimekwama, watu wanasukuma. Ukanipa pole. Ukaniambia nisijiumize mgongo.

Fundi alikuja saa sita. Nati ilifunguka kwa dakika tano. Nilikuwa naijaza difu oili mpya, nimeshika chupa, ulipopiga mara ya tatu, nawe hukulia. Ulisema tu, “Punguza mwendo, Zakaria. Hakuna haraka tena.”

Nikafunga nati, nikanawa mikono, nikaja. Nilipita Mzenga bila kukwama, ingawa tope lilikuwapo kweli, likapaka gari hadi madirishani. Waombolezaji walipoliona walinipa pole ya njia. Nawe ulikuja ukanishika mikono, ukawatangazia watu wote, “Ndugu yangu amehangaika tangu asubuhi.” Ulikuwa unanitetea kwa maneno niliyokupa mwenyewe.

Pengine ningeendelea kunyamaza, Mungu anisamehe, kama si jambo la siku ya mazishi. Bwana Kondo alipokuja kutoa mkono wa pole, mdogo wake Shemeji alimwuliza kwa sauti mbele ya wanaume wote, “Vipi, Kondo, mihogo yako ilifika sokoni salama?” Watu wakatazama chini. Kondo akajibu, “Niliambiwa gari limekaribia, ndugu yangu.” Yule akamwambia, “Mgonjwa haachwi kwa sababu ya kuambiwa.” Mimi niliketi viti viwili kutoka hapo. Kondo alikunja kofia yake mpaka ikawa kama mpira, nami niliitazama ile kofia nikanyamaza. Jana binamu yetu Samweli alinieleza kwamba tangu siku ile Kondo haji kanisani, na kwamba watu wa ukoo wa Shemeji hawapandi tena pikapu yake.

Sijui kama hospitali ingemponya Shemeji. Sitamwuliza daktari, kwa kuwa jibu lolote atakalonipa nitaligeuza kuwa udhuru. Shemeji ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, dada. Alikuwa akiniambia nakanyaga breki kama mtu anayeomba radhi. Ninachojua ni kwamba alilala akisikiliza mlio wa gari langu, na sikumpa hata ukweli wa kumwezesha kupanda gari jingine.

Sasa umeniita kwa siku ya kuondoa tanga. Katika ukoo wetu ndugu wa kiume ndiye humvua mjane kitambaa cheusi, akatamka mbele ya watu wa marehemu kwamba dada yake ana watu. Sistahili kukigusa kitambaa hicho huku hujui ni mkono wa nani unakugusa. Ndiyo maana nimeandika.

Nitafika siku moja kabla, kwa basi. Nakuomba unipe ruhusa ya jambo moja. Watu wakishakusanyika, na Bwana Kondo akiwa ameitwa, nisimame niwaambie nilikuwa wapi saa mbili na saa nne ya asubuhi ile. Sitataja nati wala oili. Nitasema kwamba nilidanganya. Baada ya hapo uamue mwenyewe. Ukiona Samweli akuvue kitambaa, sitanung'unika, nitarudi kukaa na wageni. Lakini hata ukinikatalia kitambaa, nakusihi usinikatalie kusema, maana yule mtu amebeba mzigo wangu muda wa kutosha.

Naomba unisalimie mkweo anayekupikia, na umwambie nashukuru kwa uji alioniletea usiku wa matanga. Msalimie mwinjilisti na mkewe. Samweli mpe salamu bila kumweleza neno. Haki ya kulisikia kwanza ni yako. Watoto wa Shemeji wote, wakubwa kwa wadogo, wabusu kwa niaba yangu, ukiona inafaa.

Nasikitika kwa urefu wa barua hii, na zaidi kwa kuchelewa kwake. Mungu akutunze mahali ambapo mimi sikukutunza.

Ni mimi mdogo wako,
Zakaria