Baba, Ni Mimi Niliyesema Juu ya Ndama

Baba yangu mpendwa,

Hapa shambani Bahati baridi ni ile ile, ila zizini hakuna anayeongea tena wakati wa kukama. Unakumbuka kelele zetu enzi za yule bwana mzee wa Kizungu? Ulikuwa unamleta ndama anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha unamfunga kando na kukama huku ukimtania kila mtu. Bwana mzee alisimama mlangoni na kikombe chake, akicheka.

Akafa, akaja mpwa wake na soksi zake ndefu. Ndama wote wakafungiwa mbali, wanyweshwe kwa ndoo. "Ndama hapana ingia hapa tena," alisema. "Kama wewe naona mtu nafanya, ambia mimi. Mimi tafanya wewe nyapara." Ng'ombe wakabana maziwa, nasi tukaanza kuchungana. Watu waliokula sufuria moja wakawa wanachunguliana hadi chooni.

Wewe ulikuwa mbishi. Asubuhi moja ulimpitisha ndama kwa nyuma, ng'ombe mwekundu akajaza ndoo, ukanikonyeza. Uliniamini kabisa. Nikaenda kusema.

Huwa nawaambia watu kwamba nilidhani utagombezwa tu. Uongo. Nilitaka lile koti la nyapara, basi.

Kabla ya saa sita ulikuwa umefukuzwa kazi na nyumba, na mpwa akaniamuru mimi nitoe vitu vyako nje. Ulikaa juu ya gunia ukinitazama nikibeba.

"Afadhali ni wewe," ulisema. "Mwingine angevunja chungu cha mama yako."

Heri ungenipiga.

Ulikwenda kwa dada kule Kariandusi, kwenye vumbi jeupe la machimbo, na kifua kikakumaliza kabla ya mvua. Sikuja kukuzika. Mpwa alisema kuna kazi siku hiyo, na mimi sikuomba mara ya pili.

Wiki iliyopita maziwa yalikuwa haba mno, mpwa akatuita wote zizini. Alimleta ndama mwenyewe, akamsogeza kwa mama yake, akatufundisha polepole kama watoto: kwanza ndama nyonya kidogo, halafu maziwa nashuka. Wenzako uliokama nao miaka yote walitazama chini.

Akanigeukia. "Mzuri, eh?"

"Mzuri sana, bwana," nikasema, na nikapiga makofi.

Kwaheri, baba. Sikuombi msamaha, maana najua ungenipa.

Mwanao,
nyapara wa zizi