Upande wa Kulia Bado ni Wako

Mpendwa Dada Konso,

Jana Mama Rehema, yule mteja wetu wa Temeke asiyeishiwa maneno, alijitazama kwenye kioo, akabonyeza kichwa kulia, akabonyeza kushoto, akaniambia, "Siku hizi nikisukwa siumii kabisa. Yule mwenzio mwenye mkono mgumu ndo kaenda kwao moja kwa moja?" Nikamjibu bado hujasema. Nimelala na swali lile na nimeamka nalo, ndiyo maana nakuandikia. Simu hainifai kwa jambo hili, maana ukisikia tu naanza kubembeleza unasingizia mtandao.

Nakumbuka ulivyonipokea saluni hapa Chang'ombe. Mimi ndiyo kwanza natoka Singida na kitana changu, wewe ulishatoka Kasulu zamani na mji umeshauzoea. Ulinisimamisha kushoto kwa mteja, wewe ukabaki kulia, ukasema, "Tukutane utosini." Mkono wangu laini, wako unakaza mpaka mtu anashindwa kufumba macho. Wateja walilalamika kwamba upande wako unauma, kisha baada ya muda wakarudi kulalamika kwamba upande wangu umefumuka. Tulisuka huku tunabishana, mafundi wa kuchomelea wakitupigia kelele ng'ambo ya barabara, na rasta ndogondogo ambazo kwingine zilimkalisha mtu kutwa nzima, kwetu ziliisha kabla ya alasiri.

Kisha ikaja corona. Kazi yetu ni kumpumulia mtu utosini, na ghafla pumzi ya mtu ikawa kitu cha kuogopwa. Tuliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, tukajishonea barakoa za vipande vya vitenge. Za wateja zilitusumbua, kamba zake zinapita sikioni palepale tunapoanzia mistari, ikabidi mtu aishikilie mdomoni kwa mkono. Dada wa viwandani waliokuwa wanatujaa Jumamosi walipunguziwa zamu, wengine wakarudi mikoani kwao. Waliobaki walikuja kwa ajili ya misiba. Twende kilioni, ile mistari michache ya kulaza nyuma inayosukwa chapuchapu ili mtu awahi kuzika, ndiyo tuliyoisuka kipindi kile kuliko mtindo mwingine wowote. Hatukuwauliza nani kafa wala kimemuua nini. Niliuchukia mtindo ule, na mpaka leo nauchukia.

Wewe ukaanza kukohoa, ukasema ni pilipili ya mama lishe wa jirani. Ulikuwa unatoka kwenda kukoholea uani ili mteja asisikie, unarudi macho mekundu, unaendelea kukaza. Jioni moja tukajifunika blanketi na sufuria la mchaichai, mwarobaini na malimao katikati yetu, jasho linatutiririka, ukanitania, "We Mnyaturu, nikikuambukiza usije ukanilaumu." Tukacheka wote. Halafu kicheko chako kikakatika, ukawa unavuta pumzi kwa mabega. Hospitali walipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, nilisema ni mimi, na hakuna aliyenibishia.

Ulipona, namshukuru Mungu. Lakini uliporudi saluni ukasimama kulia kwako, hata utosini hukufika, ukashika mwimo wa mlango unahema. Ukajaribu kesho yake, ukajaribu na wiki iliyofuata. Ndipo mteja mmoja mwenye haraka akasema, "Nipeni mtu mzima basi, huyu mgonjwa." Uliweka kitana chini, na siku ileile ukaanza kuulizia basi la Kasulu.

Asubuhi ya safari nilitaka kukusuka kitu chepesi usiumie kichwa ndani ya basi. Ukasema, "Suka unachotaka, ila ile ya msibani usiniwekee. Mie sijafa." Nikakusuka rasta, kushoto nilivyozoea, kulia najitahidi kukaza kama wewe, huku nalia na wewe unanikemea nisikulowanishe. Kilikuwa kichwa cha kwanza nilichokimaliza peke yangu.

Sasa barakoa zimebaki kwenye droo na saluni imejaa tena. Wateja wananihimiza nitafute msusi mwingine wa kusimama kulia. Nimegoma. Lakini kila nikikuuliza utarudi lini, jibu lako ni lilelile: "Nije nifanye nini, mdogo wangu? Kusimama siwezi." Juzi tu ukanitajia kwamba umewasuka mabinti wote wa jirani na hukuchoka. Nikakuuliza umewasukaje. "Kama tu tulivyosukwa sie utotoni. Mie nimekaa, wao chini miguuni kwangu."

Niliposikia hivyo nilijicheka. Mimi mwenyewe mama alinisuka hivyohivyo, kanibana katikati ya magoti yake nisikimbie. Hapa mjini ndipo tulipojifunza kumkalisha mteja juu kwenye kiti cha kuzunguka, sisi tusimame mpaka miguu ivimbe. Nani alituamuru, Dada?

Kile kiti nimekiuza. Nimekishusha kioo karibu na sakafu, nimetandika mkeka, nimeweka vigoda viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia. Nilidhani wateja watanuna. Mama Rehema ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, jana hiyohiyo. Alilalamikia magoti yake, kisha akasinzia ameniegemea pajani mpaka nikamaliza. Alipoamka ndipo alipojitazama kwenye kioo, akakitazama na kile kigoda kitupu, akaniuliza habari zako.

Nimekukumbuka, Dada Konso, na nimechoka kusuka vichwa visivyouma. Njoo. Siku kifua kikikataa utachambua rasta huku unanisema. Siku kikikubali utakaza. Hakuna mtu atakayekuambia usimame.

Nilimwambia Mama Rehema bado hujasema. Basi sema.

Mdogo wako wa upande wa kushoto,
Chang'ombe