Kumpaka Umau Mafuta

Jumatatu, 3 Februari
Somo la tisa la kutengeneza filamu za kompyuta tena, hapa katika duka langu la fotokopi, Zombe. Leo: jinsi mwanga unavyoingia ndani ya ngozi, ukatawanyika, ukatoka. Mwalimu wa video anaonyesha kwa uso wa Mzungu. Nikanakili namba zake zote kama zilivyo, nikaiacha kompyuta ikirenda, yaani ikipiga hesabu ya mwanga nukta kwa nukta. Saa sita picha ikawa tayari. Umau, babu yangu, ametoka rangi ya zambarau. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama niko sawa.

Jumanne, 4 Februari
Nimempeleka Susu, nyanya yangu, kliniki, Kitui mjini. Presha ya macho. Jicho la kulia lilishaenda. La kushoto, daktari anasema matone yatachelewesha tu. Miezi, labda wiki. Njiani Susu akauliza filamu itaisha lini.
Nimeogopa. Alisema mara moja tu, mwaka jana, kwamba angependa kumwona mzee wake, marehemu Umau, akitoka mlangoni tena. Tuna picha yake moja, ya kitambulisho. Nami nikajifanya mjuaji, nikamwahidi.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepunguza wekundu. Sasa ni kijivu. Nimeongeza kina cha mwanga, nimepunguza, nimeongeza. Stima imepotea mara mbili. Nimemfokea mama wa watu aliyeleta fomu ya shule. Nimemwomba msamaha.

Ijumaa, 7 Februari
Kijivu.

Jumapili, 9 Februari
Sikutaka aone kabla haijakamilika. Lakini Susu alitoka kanisani akaja moja kwa moja dukani, akaweka uso shubiri moja kutoka kwenye skrini.
“Huyu amepauka. Mbona hujampaka mafuta?”
Nikaanza kumweleza habari za mwanga na ngozi. Hakusikiliza.
“Mwende, mimi sikuwahi kumwacha atoke hivi. Tangu aanguke akienda kurina asali, mkono wake haukufika nyuma. Shingo nilimpaka mimi, kila asubuhi.”
Nimejiona mjinga kabisa. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayetoka na miguu mikavu, bila mafuta, hata wa kwenda kuchota maji tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejipaka. Babu nikamtoa juani kama mtu asiye na kwao.

Jumatano, 12 Februari
Tabaka la pili juu ya ngozi. Jembamba, linang'aa kidogo. Kipaji cha uso, mifupa ya mashavu, na shingoni zaidi, bila kusawazisha, kwa sababu vidole havisawazishi. Nikarenda picha moja. Jua likamshika. Nimelia dukani, mlango wazi.
Filamu nzima ni sekunde kumi na mbili, picha karibu mia tatu, kila moja dakika ishirini. Siku nne, stima ikikubali. Asubuhi Susu alimimina chai kando ya kikombe.

Ijumaa, 14 Februari
Stima imepotea tangu saa nne mpaka jioni. Susu amenisalimia kwa jina la dada yangu, mpaka nilipoongea. Nimepunguza ukubwa wa picha kwa nusu ili ziishe haraka. Vivuli vitakuwa na chengachenga. Mwalimu angenikaripia. Mafuta sijayagusa.

Jumapili, 16 Februari
Imekamilika mchana. Nilibeba kompyuta hadi nyumbani, nikafunga pazia, nikamketisha Susu karibu. Umau akafungua mlango, akatoka, akasimama juani, akageuka kutazama nyumba.
“Mwambie asimame hapo.”
Nikamsimamisha. Susu alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akamwangalia polepole, sehemu kwa sehemu, jicho lile moja likitoa machozi. Aliona kiasi gani, sijui. Sikumuuliza. Alianza kumwambia mambo kwa Kikamba, sauti ya chini, mambo yasiyonihusu. Nikatoka nikaenda jikoni, nikachambua maharagwe ya jioni, nikayabandika. Aliponiita yalikuwa yameiva.