Maelezo ya Nyongeza Kuhusu Nati ya Msumeno wa Mashindano

SHAHIDI: Anajulikana kazini kwa jina la Fundi Mizani, jina kamili limo katika nakala ya kitambulisho iliyoambatishwa
UMRI: Miaka 53
KAZI: Mkufunzi wa ukerezaji vyuma, chuo cha ufundi
MAKAZI: Nyumba za wakufunzi, nyuma ya karakana
YAMEANDIKWA: Jumanne tarehe 24 Juni, saa 3:20 asubuhi, chumba namba 2

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa. Nimeonywa kwamba maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu, nami nimelielewa onyo hilo. Naomba maelezo haya yasomwe pamoja na yale niliyoyatoa tarehe 14 Juni. Yale ya kwanza hayana neno la uongo, lakini yamemweka ndani mtu asiye na kosa.

Marehemu ni mdogo wangu, mpasuaji mbao, ambaye sote tulimwita Mluzi kwa kuwa hakuweza kufanya kazi mdomo wake ukiwa kimya. Anayeshikiliwa ni shemeji yetu, mume wa dada yetu, msimamizi wa ghala katika kiwanda kilekile cha mbao. Kiwanda hicho huwa na mashindano ya kukata magogo kwa misumeno ya mnyororo iliyoundwa na washindani wenyewe. Mwaka jana Mluzi alikuwa wa mwisho. Wenzake walimcheka kiasi kwamba tangu siku ile alikula chakula cha mchana peke yake, nyuma ya rundo la mbao.

Mnamo mwezi wa Machi aliniletea karakanani injini ya pikipiki ya marehemu baba. Ni injini ya zamani, ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Ilikuwa imekaa stoo miaka kumi na sita, imefungwa gunia. Aliniambia, "Kaka, mzee alitupeleka shule kwa hii. Nataka na mimi inifikishe mahali." Nilimjibu kwamba pikipiki si msumeno. Akasema ndiyo maana amekuja kwa mwalimu. Angetaka pikipiki angekwenda kwa fundi. Nilicheka, nikaipokea.

Tulifanya kazi kila Jumamosi kwa majuma kumi na moja. Tuliondoa giaboksi ili kupunguza uzito. Mimi nilichonga silinda upya, Mluzi akachomelea fremu na mikono ya kushikia. Sproketi inayozungusha mnyororo tuliifunga moja kwa moja kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na injini, ikishikwa na nati moja, nati ya asili ya baba. Shemeji alituletea magogo ya kujaribia. Yeye na Mluzi walitaniana mchana kutwa. Ugomvi wao uliosimuliwa na mashahidi wengine kuhusu nani atashika msumeno ulikuwa utani wa mashemeji, nami nilikuwepo.

Tulipouwasha mara ya kwanza, tarehe 24 Mei, mnyororo ulizunguka upande usiofaa. Meno yalitanguliza mgongo, hayakukata kitu. Njia ya uhakika ilikuwa kuvunja fremu na kuigeuza injini nzima. Nilichagua njia fupi. Injini za aina hii hazichagui upande wa kuzungukia: ukisogeza mahali panapotokea cheche, huzunguka kinyume kwa nguvu ileile. Niliimaliza kazi hiyo kabla ya jua kuzama. Mluzi alisema, "Kaka, umekifundisha chuma kutembea kinyumenyume." Niliifurahia sifa ile kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Nati sikuibadilisha.

Mnamo tarehe 14 Juni, saa 4:10 asubuhi, tulikuwa kwenye uwanja wa kiwanda. Mluzi alikuwa ameshapasha injini moto mara mbili. Shemeji aliinama kuukagua msumeno, akachukua spana kutoka kwenye kisanduku changu, akakaza. Kisha alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nati hii ilikuwa imelegea. Nimeikaza, lakini iangalie na wewe."

Nilimjibu mbele ya watu, "Niliyoifunga mimi hailegei. Wewe kaa na mbao zako." Watu walicheka. Shemeji naye alitabasamu, akarudisha spana mahali pake.

Saa 4:25 filimbi ilipulizwa. Mluzi alikata kipande cha kwanza na cha pili akiwa mbele ya wote. Katika kipande cha tatu nilisikia mlio wa injini ukipanda ghafla, kama mzigo umeondolewa. Nati ilikuwa imetoka, sproketi ikaifuata, na mnyororo ukachomoka na kumpiga paja la kulia, upande wa ndani. Aliyemfikia kwanza ni shemeji. Alivua shati, akalifunga juu ya jeraha, akakandamiza kwa mikono miwili, na hakuiondoa mpaka hospitalini, alipoambiwa na muuguzi kwamba anaweza kuachia sasa.

Askari alipofika aliniuliza nani aliigusa nati ile mara ya mwisho. Nilisema, "Shemeji." Hakuniuliza zaidi, nami sikuongeza.

Tarehe 16 Juni tulimzika. Nilizungumza kaburini kwa niaba ya familia, nikaeleza uhodari wa mikono yake. Tulipokuwa tunarudi, dada yetu alinishika mkono, akasema, "Kaka, mmoja nimemzika, na mmoja mmenifungia. Nimlilie yupi kwanza?" Nilimwambia sheria itafuata mkondo wake.

Jana, Jumatatu, nilirudi darasani. Ni wanafunzi wapya, na somo la kwanza ninalowapa wanafunzi wapya ni moja kwa miaka ishirini na sita. Mashine zetu za kukereza ni za zamani. Kichwa kinachoshika chuma hufungwa kwa hesi, mikato ya mzunguko kama ya nati, na mzunguko wa mashine ndio unaokikaza. Ukizungusha kinyume, kichwa hujifungua chenyewe na kuruka. Ukutani pana kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: USIZUNGUSHE KINYUME. Nilikisoma kwa sauti, kama kawaida. Sikuweza kuendelea. Niliwaruhusu wanafunzi waende.

Mchana nilifunga nati ya aina ileile kwenye ncha ya chuma, nikaikaza kwa nguvu zangu zote, nikaizungusha kinyume kwa mota ya umeme, nikiongeza na kukata mwendo kama afanyavyo mkata magogo. Ililegea dakika ya nne. Niliikaza tena. Ikalegea tena. Nilirudia mara sita. Hakuna mkono wa mtu ulioifungua nati ya Mluzi. Injini ya baba ilitengenezwa izunguke upande unaoikaza nati. Mimi niliigeuza injini, nikaisahau nati. Shemeji aliona dalili, akaniambia, na mimi nikamfanyia mzaha.

Nimekuja na vipande vya jaribio, navikabidhi kama vielelezo. Nawajibika kwa kila neno lililoandikwa hapa, pamoja na lile moja nililolisema tarehe 14 na kuliacha lisimame peke yake.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekiri ni sahihi. Nimepokea nati moja na ncha moja ya chuma. Shahidi amebaki kituoni kwa hatua zaidi. Nilipomuuliza kama ana la kuongeza, aliomba mtuhumiwa aliye mahabusu aambiwe kwamba nati aliikaza sawasawa. Nilimjibu kwamba hilo nitalifikisha. Akaomba nimfikishie sasa hivi, na akasimama mlangoni akinisubiri.

(Sahihi ya afisa), saa 5:05 asubuhi