Nilipompisha Baba Mkwe Njia

Ndandalo, Kyela

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie hivyo, unasema inakuzeesha, lakini leo ipokee tu. Watoto hawajambo? Mgongo wa mama je, bado anashindwa kuinama asubuhi? Alizeti mmeshavuna au bado mnafukuza ndege? Juzi niliota niko shambani kwetu, udongo mkavu unapasuka chini ya miguu, nikaamka nikasikia mvua juu ya bati. Mvua ya huku haiagi. Ukiona imeondoka, imekwenda tu kuchota maji ziwani irudi.

Mimi mwili ni mzima. Uliponipigia simu nilisema sote salama, ukasema sauti yangu imekuwa ndogo, nikausingizia mtandao. Haukuwa mtandao. Mama mkwe alikuwa kando yangu anachambua mchele, na hata ningekuwa peke yangu maneno haya yasingenitoka mdomoni. Unanijua. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama. Barua nampa dereva wa lori la mchele anayekuja Singida, ni mtu wa kanisani, hataifungua. Isome peke yako.

Ni habari ya ile mashine ya kukata nyasi. Shemeji yako Lusajo aliinunua Mbeya, imeshatumika, lakini ni mashine ya kazi, siyo ile ndogo uliyoiona kwa mkuu wa shule yetu. Unatembea nyuma yake, umeshika mikono miwili kama ya baiskeli, na magurudumu yanajisukuma yenyewe. Upana wake ni kama mlango. Huku nyasi haziulizi msimu, ukikata leo baada ya siku chache zimefika magotini, kwa hiyo kazi haikukosekana: viwanja vya makanisa, nyumba za wageni kule ziwani, nyumba za watumishi pale Bondeni. Mwanzoni Lusajo alikata mwenyewe. Alipoanza kwenda kutafuta kazi mbali zaidi, mashine nikaachiwa mimi.

Na niliipenda, dada. Ikiwaka hakuna mtu anayeweza kukusemesha. Wanawake wa huku walinicheka, eti mkamwana wa Kinyaturu ameshindwa kuacha kuchunga, sasa anachunga ng'ombe wa chuma. Mimi nikacheka nao, maana ng'ombe hao ndio walionipa pa kujificha.

Ilikuja na kitabu cha maelekezo, chote Kiingereza. Nilikisoma jioni tukiwa jikoni, namfasiria Lusajo ukurasa kwa ukurasa. Okota mawe na waya kabla ya kuanza. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kwenye mteremko kata kwa kukingama, usipande wala kushuka nao. Usimimine petroli injini ikiwa ya moto. Kabla hujagusa kisu, chomoa waya wa plagi. Usikate nyasi mbichi zenye maji. Hapo Lusajo akanikatiza. Akasema kitabu hiki kaandika mtu asiyejua mvua ya Kyela, nyasi zikauke lini, siku ya kiyama? Tukacheka sana. Mengine yote tuliyafuata. Alinifundisha kunoa kisu kwa tupa mpaka kilale sawa pande zote mbili, kukung'uta chujio la hewa, kupima oili kabla ya kuwasha. Ni mwalimu mzuri, hapaazi sauti.

Sasa kuna chuma kimoja chini ya mkono wa mashine, unakibana pamoja na mkono huo, kama breki. Ukikibana mashine inafanya kazi. Ukikiachia, kisu kinasimama na injini inazima. Kitabu kinasema kimewekwa kwa ajili ya mtu kuanguka au kuponyokwa na mashine, ili isiendelee bila yeye. Lakini kukibana toka asubuhi ni adhabu. Ikifika saa sita vidole vyangu vilikuwa haviwezi kukunja hata kitambaa, vinaachia bila mimi kutaka, mashine inazima, naivuta tena kamba, inagoma. Lusajo aliniona nimekaa kwenye nyasi nimevishika vidole. Alikwenda kwenye baiskeli, akafungua mpira wa kufungia mzigo, akakifunga kile chuma kwenye mkono, akakaza. Akasema, haya, pumzisha mikono. Nilijua kitabu kinasemaje juu ya hilo, na yeye alijua, maana nilimsomea mimi. Lakini alifanya kwa kunionea huruma, na mikono ilikuwa inaniuma. Nikashukuru.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze jambo la huku, vinginevyo hutaelewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemeshani. Jina lake silitaji, hata humu sitaliandika. Mkikutana njiani, mwanamke anaondoka njiani, anajificha, na mzee naye anampa mgongo mpaka apite. Wengi wameiacha, wale wa mjini wanakula meza moja na wakwe zao. Ukoo huu haujaiacha. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, na anasema heshima haigombani na Injili.

Mama yetu alinionea huruma aliposikia, kumbuka, akasema nimeolewa kwenye kifungo. Sikuwaambia, lakini kwangu ilikuwa nafuu. Mimi ambaye ulikuwa unanisukuma mgongoni nisalimie wageni, nikapata mahali ambapo kujificha ni tabia njema. Mama mkwe alikuwa ananisifu kwa majirani, anasema huyu hatujamfundisha, amekuja nayo. Baba mkwe mwenyewe sikuijua sura yake vizuri. Nilimjua kwa kikohozi, kwa gumboti zake nyeusi na namna anavyoburuza kidogo mguu wa kushoto. Alikuwa akinitumia ndizi mbivu kupitia kwa mama mkwe. Nikipika vizuri, mama analeta neno lake: ndaga fijo. Yaani asante sana. Ndiyo maneno yake yote niliyokuwa nayo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, nakata uwanja wa kanisa letu la hapa kijijini. Kuna njia ya miguu inayokata uwanja kwenda kwenye mashamba ya kakao. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa naelekea kwenye njia ile nikamwona anatoka kwenye migomba na gunia begani, karibu kuliko nilivyowahi kukutana naye. Dada, sikufikiri. Mwili ndio uliofikiri. Niliachia mashine nikakimbilia nyuma ya ukuta wa kanisa, nikachuchumaa, uso ukutani.

Niliachia kama mtu anavyoachia akijua itazima. Kwa siku zile zote za mpira sikuwa nimeiachia hata mara moja ikiwa inatembea.

Injini ikaendelea. Niliisikia, na kwa muda nikashangaa tu nani anakata. Halafu nikasikia mlio unakwenda mbali na mimi.

Yeye aliniona nikija na mashine, lakini hakuona nilipoiachia. Akafanya kama anavyofanya siku zote, akatoka kando ya njia, akanipa mgongo akaangalia migomba, akasubiri nipite. Mama mkwe alinisimulia baadaye, maana mzee alimweleza hospitalini. Alisikia mashine inakuja nyuma yake. Alidhani ni mimi niko nayo, napita. Inakaribia, na kugeuka hawezi, maana akigeuka atakutana na uso wangu. Akasimama palepale. Akasogea hatua moja kunipa nafasi.

Mlio ulibadilika. Iligonga kitu kizito, halafu injini ikakaba na kuzima. Yeye hakupiga kelele. Nilipotoka nyuma ya ukuta alikuwa amelala kifudifudi, gunia limemwagika, na mashine imempanda mguu kwa nyuma, kisiginoni. Gumboti lilikuwa limefunguka kama ganda la ndizi.

Nilichomoa waya wa plagi. Sijui kwa nini hilo ndilo lilikuja kwanza, nadhani kwa sababu nililisoma. Nikaivuta mashine nyuma. Nikavua khanga ya kiunoni nikamfunga mguu chini ya goti, nikakaza kwa kijiti, na wakati wote huo nilikuwa nimegeuza kichwa pembeni, nafunga kwa kupapasa. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Dada, tulikuwa tunapishana hivyo hivyo, mimi na yeye, damu inaingia kwenye nyasi.

Mke wa mwinjilisti ndiye aliyetukuta. Akapiga yowe, watu wakaja, wakamweka kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili. Lusajo alifika watu wakiwa bado wamezunguka pale damu ilipo. Nilimwona akiinama kwenye mashine kama anayekagua. Alitoa kisu cha mfukoni, akakata mpira, akautia mfukoni. Kisha akanitazama, akajua nimeona.

Baadaye, tukiwa wawili, akanishika mikono yote miwili akasema, "Naomi, sema uliachia na yenyewe haikuzima. Mashine ni ya mtumba, ni mbovu. Basi." Sikujibu kitu, na watu wamezoea kwamba nisipojibu ni ndiyo.

Hospitali walijitahidi. Kidonda kilikuwa na majani na udongo wa mvua. Mwisho mguu umekatwa, juu kidogo ya kifundo. Ni mtu wa mpunga na kakao, dada, hajawahi kukaa kitako mchana.

Hakuna aliyenilaumu. Ungekuja kusikia. Shangazi wa Lusajo alitoka Talatala akaja kuitisha kikao cha ukoo. Mimi nimekaa jikoni nasikiliza, nikajua sasa nafukuzwa, na moyoni nilisema afadhali. Shangazi akasema wasichana wa siku hizi wangebaki wamesimama na mashine yao wakimwangalia mzee usoni, lakini mtoto huyu wa watu aliacha kila kitu akampisha, na hata kwenye damu hakumtazama. Jumapili mke wa mwinjilisti akasema hayo hayo mbele ya kanisa zima, mimi nikiwa benchi la nyuma. Watu wakageuka kuniangalia. Nilitamani sakafu inimeze, na safari hii haikuwa aibu ile unayoijua wewe.

Lusajo hali chakula. Anazunguka nyumba. Tukiwa peke yetu hatuzungumzi, na sisi hatuna mila ya kutuzuia.

Kazi yangu imekuwa kupeleka chakula hospitali. Nafika hadi mlangoni pa wodi, namkabidhi mama mkwe, narudi. Juzi mama alikuwa ametumwa dawa mjini. Nikazunguka nje, kuna dirisha karibu na kitanda chake, lina wavu tu. Nikasimama mgongo ukutani, yeye ndani, mimi nje. Nilikaa pale mpaka nikasikia kikohozi chake. Nilitaka kitu kimoja tu, anitukane. Anitukane na mama yangu na Singida yote, niwe nimelipwa ninachostahili.

Nikasema, "Baba, ni mimi. Kile chuma cha kuzimia kilikuwa kimefungwa na mpira. Mashine haikuwa mbovu."

Akaniuliza kwa Kiswahili, maana anajua Kinyakyusa changu ni cha salamu, "Nani alifunga?"

Ningeweza kusema ni mimi. Nililiweka neno mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimekuja pale kwa ajili ya kweli, nikasema, "Ni mwanao, baba. Mikono yangu ilikuwa inaniuma."

Nikasikia kitanda kinalia, kama mtu anayejaribu kujigeuza na kushindwa.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata mama yako huyu. Mtoto wangu ni mmoja. Nenda, mkwe, wasikuone hapo."

Nikaenda.

Kwa hiyo sasa kuna wa tatu anayejua, na ameufunga mlango. Sikutukanwa wala sikusamehewa, nimepewa tu mzigo niubebe pamoja nao. Na kukuandikia wewe tayari nimemkosea. Siwezi kuubeba wote, dada, nimeshindwa. Nisamehe kwa kukupa kipande.

Usije kunichukua. Najua umeshaanza kufikiria nauli. Nimeanza kupalilia mpunga wake, magugu yalikuwa yamekwishaufunika, na kwenye matope yale hakuna anayenisifu. Mashine Lusajo amesema ataiuza. Nilimwambia yeyote atakayeinunua lazima aonyeshwe kile chuma na aelezwe kazi yake, nami nitakuwepo. Aliitikia kwa kichwa. Ndiyo maneno marefu niliyomwambia tangu siku ile.

Msalimie mama, mwambie dawa za mgongo anywe baada ya kula. Msalimie shemeji, yeye na redio yake. Msalimie kaka yetu mdogo, asiache shule kwa ajili ya ng'ombe. Mwalimu wangu wa Kiingereza ukikutana naye sokoni mpe salamu, lakini akiuliza ninaendeleaje, sema vizuri tu.

Nilitaka kufunga hapa, ila mama mkwe ameingia sasa hivi akitokea hospitali. Anasema wiki ijayo watamruhusu. Anafurahi, ameanza kufagia njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani, anaondoa mawe ili magongo yasiteleze. Ameniita nikasaidie. Njia ni nyembamba, migomba huku na huku, na mzee hawezi tena kutoka kando upesi. Itabidi niwe namsikia akiwa bado mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Naomi