Mama, Ninasomea Leseni Kubwa ya Redio

Murera,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mpendwa Mama,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kuku wa jirani hawajakumalizia sukuma wiki. Mimi ni mzima, kazi iko, na mvua ya juzi imetuachia matope tu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukishaniuliza kama nimekula, tunahamia kwa mambo ya ng'ombe na habari yenyewe inapotea.

Habari yenyewe ni ya redio. Ndugu yangu Wekesa ameniambia umewaambia kina mama wa kanisa kwamba nitaanza kusoma taarifa ya habari, na wakae tayari kunisikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama, sijakuwa mtangazaji. Bado ni fundi wa kutengeneza cherehani pale kiwanda cha nguo Ruiru, mikono bado inanuka mafuta. Hii redio ni nyingine. Ni ya watu wa kawaida ambao wamepewa ruhusa na serikali kuzungumza wao kwa wao hewani, kutoka nyumba moja hadi nyingine, hata nchi moja hadi nyingine. Hawauzi kitu wala hawalipwi. Wanajifunza, wanasalimiana, na mambo yakiharibika wanasaidiana.

Nilianza hivi. Mwaka jana mama mmoja wa kanisa letu, Mama Shiru wa Kalimoni, aliniita nimtengenezee cherehani ya nyumbani. Nilipofika kwake nikaona waya mrefu umetoka kwenye paa ukavuka shamba lote la migomba hadi kwa mlingoti mwisho wa boma. Nikamuuliza kama ni wa kuanika nguo.

"Ukianika hapo, Mzee atakufukuza na panga," akaniambia. "Hiyo ndiyo bibi yake wa kwanza. Mimi nilikuja baadaye."

Mzee mwenyewe ni mume wake, Mzee Njuguna. Alikuwa fundi wa laini za simu mpaka akastaafu. Alinionyesha chumba kidogo nyuma ya jikoni, kina meza, kiti kimoja na mitambo yake. Akafungua, akaongea, na mtu akamjibu kutoka Kisumu. Hakuna simu, Mama. Hakuna laini. Sauti ilienda tu na ikarudi. Cherehani ya Mama Shiru nilisahau kabisa, nikairudia wiki iliyofuata.

Mzee akanifundisha, nikafanya mtihani mdogo, nikapata leseni ya wanaoanza. Kwa hiyo ninaruhusiwa kutumia redio ndogo ya mkononi. Nikiwa hapa Murera nasikika Juja, Ruiru, na siku nzuri Thika mjini. Mbali zaidi ya hapo siruhusiwi, na redio yenyewe haifiki.

Ningetosheka na hiyo. Lakini mapema mwaka huu sauti ya Mzee ilianza kukwaruza, akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa koo. Alirudi salama, tunashukuru Mungu, ila daktari alimwambia aongee kidogo sana, pengine maisha yote. Na Mzee ndiye kila Jumamosi huita vituo vya nchi nzima kimoja kimoja, kujua nani yuko na nani ana shida. Mvua kubwa ilipoangusha mnara wa simu upande wetu, ni yeye aliyeomba gari la wagonjwa kupitia mtu wa Nairobi, mama mjamzito akafikishwa hospitali kabla barabara haijakatika. Mtoto yuko, anatambaa.

Siku moja aliniita, akaongea kwa ile sauti yake ya sasa, kama karatasi ikikunjwa.

"Fundi, nikinyamaza, hii upande wote itanyamaza. Watoto wangu hawataki hii kitu. Wewe unaitaka. Chukua leseni kubwa, ukae hapa."

Nikamwambia, "Mzee, mimi niliachia shule Form Two."

"Sikukuuliza uliachia wapi."

Basi nikaingia kwa vitabu. Na hapa ndipo nina jambo la kukuambia ambalo nilikuficha. Ule mtihani nilishaufanya mara moja, na nikaanguka. Ile wiki uliponiuliza mbona sauti iko chini, nikasema ni homa, haikuwa homa. Sheria za hewani nilizijua zote. Kilichoniangusha ni hesabu za mawimbi. Kitabu kinasema wimbi likipiga haraka zaidi, urefu wake unapungua, na waya wako lazima uukate kufuata urefu huo. Nilikariri, lakini kichwani hakukuwa na picha. Swali likigeuzwa kidogo, nilikuwa nimepotea. Nilimrudishia Mzee vitabu vyake. Aliviweka mezani, na Jumapili iliyofuata Mama Shiru akanipa tena mlangoni mwa kanisa, vimefungwa kwa leso, akasema, "Hivi vinajaza nyumba yangu, kaa navyo."

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kazini nasafisha cherehani moja iliyokuwa ikikwama. Nilikuwa nimetoa yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa. Nikataka tu kuona kama sindano iko sawa, kwa hiyo nikavuta kitambaa mwenyewe kwa mkono, polepole, mwendo mmoja, huku nikikanyaga. Nilipokanyaga kidogo, sindano ilipiga taratibu, mishono ikatoka mirefu. Nikakanyaga sana, sindano ikapiga haraka, mishono ikawa mifupi, na mkono wangu haujabadilisha mwendo hata kidogo.

Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Mama, ndiyo hiyo. Mkono wangu ndio mwendo wa wimbi, haubadiliki. Sindano ndiyo mapigo. Mshono ndio urefu. Mapigo yakiongezeka, urefu lazima upungue. Miezi yote hiyo nilikuwa nahangaika na kitu ninachokifanya kila siku kwa mikono yangu.

Saa ya chakula sikula. Nilimpigia Mzee nikamweleza. Akasema, "Nimefundisha watu hiyo kitu tangu nikiwa kijana, na sijawahi kufikiria cherehani." Kile kipande cha kitambaa sasa amekibandika ukutani juu ya mitambo.

Tangu siku hiyo ninayala maswali. Mzee ananiandikia majaribio kwa mkono, ananisahihishia kwa kalamu nyekundu, na matatu ya mwisho nimeyapita yote.

Halafu jana. Mwanafunzi anaruhusiwa kuongea kwenye mitambo mikubwa mradi mwenye leseni kamili ameketi kando yake. Saa kumi alasiri Mzee alisimama, akanionyesha kiti chake, yeye akakaa kwenye kreti ya soda. Nikaita mara tano, nikasikia mvumo tu kama mvua kwenye mabati. Mara ya sita mwanamke akanijibu. Ni mwalimu wa shule huko Brazil, ng'ambo ya Afrika yote na bahari nzima. Kiingereza chake ni kama changu, tulielewana vizuri sana. Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi. Akaniuliza lina maana gani.

Nikamwambia, "Kwetu, ni msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi."

Sauti yake ikazama, ikarudi. Akasema kwao ni kiangazi sasa, na mahindi ya baba yake yamekauka shambani. Kisha akasema, "Mwambie mama yako alikupa jina zuri." Kwa hiyo nakuambia.

Nikazima mitambo. Mzee alivuta daftari ambalo huandika kila mtu aliyezungumza na kituo chake, akaandika saa, akaandika Brazil, na mahali ambapo miaka yote ameandika jina lake, akaandika Nasimiyu.

Mtihani ni Jumanne, si hii, ile inayofuata, saa nne asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, nimenunua kalamu mbili. Niombee utulivu tu, majibu ninayo. Nikitoka pale nitakupigia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msalimie Wekesa, umwambie ile taarifa ya habari haipo. Msalimie shangazi mkubwa anayekaa pale njiani, na shemeji anayekuchotea maji, Mungu ambariki. Kina mama wa kanisa waeleze ukweli polepole, wasikasirike. Mama Shiru anakusalimia ingawa hamjaonana. Anasema mtu aliyenizaa lazima ni mkaidi.

Ubaki na amani, na goti hilo ulipake dawa.

Ni mimi mtoto wako,
Nasimiyu