Mikono Iliyoziba Kamera

Kaka Mkude,

Salamu ndefu hukuzipenda, basi naanza na habari yenyewe. Kanda ya filamu yetu ninayo hapa Mgeta. Niliichukua jana mchana studio kwa Mjomba, mbele ya macho yake, na sasa nimekaa kwenye kitanda chako. Kila lori linalopanda nalisikiliza.

Tangu tukuzike, nimemaliza shule. Mwanaidi haendi tena kitengo chetu cha elimu maalumu. Anashinda kwao akikunja na kukunjua khanga ya mama yake, na kila nikifika anachungulia nyuma yangu, kuona kama tumekuja wote. Mimi simwambii kitu. Nakaa naye tunakunja.

Mwalimu wa kitengo amewaalika wazazi na watu wa mjini waje kuiona filamu yetu Jumamosi, kwenye banda la video la Mjomba. Ndilo tulilokuwa tunalitaka. Unakumbuka siku mwalimu alipotuletea lile neno la hali yetu, usonji? Ulilirudia rudia mpaka chai yako ikapoa, halafu ukasema, "Kama jina la mboga. Mgeta ingestawi." Mwanaidi alicheka mpaka akalala sakafuni. Siku hiyo hiyo ukasema tutengeneze filamu ya jinsi tunavyoona sisi watatu, kabla hatujatengenezewa na mtu.

Juzi Mjomba aliniita niione. Ameikata. Mwanzoni kaweka kinanda cha huzuni, na juu yake sauti yake mwenyewe, ile ya harusini: "Watoto hawa wanaishi katika dunia yao wenyewe." Halafu ikaja picha uliyoipiga wewe ya mfereji, ikafuata ya Mwanaidi, ikafuata yangu, na viganja havimo. Vyote kavitoa.



Kaka, wewe ndiye uliyetupa utaratibu ule wa viganja. Ulikuwa unamfuata Mjomba harusini kumbebea nyaya, ukachoka kumsikia akipiga kelele, "Bibi harusi, tazama kamera, tazama kamera." Ukasema kwetu sisi hatazamishwi mtu, na hakuna atakayepaza sauti kusema kata. Kamera ilikuwa nzito, ya begani, inataka mikono miwili. Kwa hiyo mmoja wetu aliyesimama kando, au aliye mbele ya kamera, akiona inatosha, anaweka kiganja kwenye kioo. Aliyeshika kamera lazima aache. Ndiyo maana kila picha yetu inaisha kwa wekundu wa mwanga kati ya vidole, kisha giza. Hata Mwanaidi, ambaye maneno humjia kwa nadra, hakuna siku tuliyokipuuza kiganja chake.

Mjomba anaona ni makosa. "Zaina," aliniambia, "watu watasema mashine yangu mbovu. Au nimeajiri walevi."

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nilimwambia, "Mjomba, dunia yetu ni hii hii. Hata mfereji ule ni wa Mgeta."

Akacheka. Hakucheka vibaya. Tusisahau, yeye ndiye aliyetuazima kamera aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake kiwanda kilipobinafsishwa, wakati kila mtu anasema tutaivunja. Lakini akaendelea kuniambia, kama jambo dogo tu, kwamba kanda ya mwanzo, ile tuliyorekodi sisi, ataitumia kwenye harusi ya Ijumaa. Atarekodia juu yake.

Jana nilirudi. Ilikuwa mezani, nikaichukua. Akasema, "Weka." Nikasema, "Naondoka nayo." Unajua kwetu neno la mjomba halijibiwi hivyo. Nilitembea mpaka yanaposhushia malori ya mboga, nikamwomba dereva anipandishe.

Leo asubuhi dereva yule yule akaja na ujumbe. Mjomba anasema kiganja cha Mkude atakiacha, kile cha kwenye mfereji, kiwe ukumbusho. Vya wengine vinatoka. Nishushe kanda kesho, na gari la kabichi.

Mama Mkubwa alikuwa anaosha karoti. Aliposikia, akainamia beseni. "Basi, mwanangu," akasema. "Kaka yako ataonekana. Unataka nini tena?"

Unajua maneno yanavyonikwama. Nilitazama karoti. Huyu ni mama yako. Anataka kumwona mwanawe, na mimi ni nani wa kumnyima?

Nikaupitisha ule mfereji kichwani, taratibu, tangu mwanzo. Wewe umesimama na kamera begani, maji yanajizungusha pale kwenye kona, na wewe huchoki. Mikono yako yote miwili imeshika kamera. Mwanaidi yuko kando yako anatetemeka kwa baridi. Ni yeye aliyeziba.

Nikasema, macho yakiwa bado kwenye beseni, "Mama Mkubwa, ule mkono wa mfereji si wa Mkude. Ni wa Mwanaidi. Anayepiga picha hana mkono wa kuzibia. Mkono wa Mkude uko kwenye picha zetu sisi."

Akaacha kuosha. "Ule wenye kovu la jembe?"

"Ndiyo. Linaonekana."

"Na huo ndio anaoutoa?"

"Huo ndio."

Akajifuta mikono kwenye khanga. Dereva alikuwa bado anakunywa chai, akamgeukia. "Mwambie kaka yangu kanda haiji peke yake. Mwambie dada yake mkubwa anashuka kuangalia kazi yake."

Dereva akasema, "Haya mama, hayo ya kwenu mimi siyawezi," akamaliza chai upesi.

Kwa hiyo kesho tunashuka. Naogopa, kaka. Nakala yake aliyoikata anayo, anaweza kuionyesha bila sisi. Mwalimu naye nasikia ameipenda ile sauti, anasema inagusa. Mama Mkubwa hawezi kunisemea, maana filamu hajaiona. Itabidi niseme mwenyewe, mbele ya watu nisiowajua: filamu nzima, viganja vyote, na sauti ya mtu isiwekwe juu yetu. La sivyo isionyeshwe kabisa, hata kama maana yake ni kwamba Jumamosi mama yako hatauona mkono wako. Hilo nimemwambia pia, kwa sababu nisingeweza kulificha na kula chakula chake. Halafu akaniuliza kama nina njaa.

Mimi nilidhani akifa mtu, kazi yake inabaki imetulia. Kumbe ndiyo kwanza watu wanaanza kuigusa.

Kwaheri, kaka yangu. Mungu akupe mahali pasipo kelele. Nakuahidi hivi: wakikubali, Mwanaidi atakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na televisheni, na kanda ikiwa inazunguka, akiona inatosha akaweka kiganja kwenye kioo chake, nitaizima. Hata wageni wawe ndiyo kwanza wamekaa, hata Mjomba awe amesimama mlangoni, nitaizima.

Mdogo wako,
Zaina